Nani Anajua Uendako? Safari ya Baridi Kutoka Uyole Kuelekea Kitulo

Alfajiri moja ya mwezi wa Julai tulisali katika msikiti mdogo wa Uyole, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Uyole iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam hulitambua hilo mara tu anapogusa maji ya bomba. Mwadhini alikuwa ameamka kabla ya sote. Alikwisha kubandika debe la maji kwenye jiko la mkaa nje ya ukuta, ili wazee watawadhe kwa maji ya uvuguvugu.

Baada ya sala alilitazama begi letu, akatuuliza maswali matatu. Unakwenda wapi? Tulimjibu kwamba tunakwenda kwa miguu kuelekea uwanda wa Kitulo kwa kupitia Isyonje na Kikondo, na kwamba tunatarajia kuwasili Matamba siku ya nne. Unakwenda na nani? Tukamjibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba tunakwenda peke yetu. Nani anajua uendako? Hapo tulinyamaza.

Kwa desturi ya kurasa hizi mwandishi husema “sisi”. Msomaji aelewe basi kwamba njiani tulikuwa mtu mmoja tu, mwenye begi moja mgongoni na simu moja mfukoni. Nyumbani tulikuwa tumeaga kwa sentensi moja: “Nakwenda Mbeya, nitarudi Jumapili.” Mama watoto alidhani ni kazi za kawaida za gazeti, nasi hatukumsahihisha. Tulichelea kwamba tukieleza tutakatazwa.

Mwadhini hakutulaumu. Alifungua sanduku la michango, akatoa daftari la shule, akageuza ukurasa mpya. “Baba, nipe jina lako. Nipe na namba ya mama watoto.” Kisha akaandika vituo vyetu kimoja kimoja: Jumanne Isyonje, Jumatano Kikondo, Alhamisi ukingoni mwa Kitulo, Ijumaa Matamba. “Kila siku utanipigia kabla ya Isha,” alisema. “Usiponipigia, nitaulizia.” Tulitabasamu, tukamshukuru, tukaondoka tukijisemea moyoni kwamba wazee hupenda kujitia wasiwasi.

Siku ya kwanza: wepesi wa njia

Barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu hupanda milima ya Uporoto. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nyepesi na kavu. Wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na huo ndio ufunguo wa kuifahamu Nyanda za Juu Kusini. Mbali kule juu, Kitulo iko kwenye mita zipatazo 2,600, na katika miezi ya Juni na Julai nyasi zake huamka zimefunikwa na sakitu nyeupe. Mtu anaweza kuwa karibu na ikweta na bado akatetemeka kama aliye nchi za kaskazini.

Tulijiandaa kwa namna tuliyoidhania inatosha. Katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, tulinunua sweta la mitumba la sufu, glovu na kofia ya baridi. Viatu vyetu vilikuwa vya ngozi nzito, vyenye kufunika vifundo vya miguu. Tulikuwa na tende, karanga, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Kosa letu lilikuwa suruali ya jinzi, na hatukulijua mpaka kesho yake.

Siku ile ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzipunguza na kuzikusanya, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, chini ya mti kando ya shamba la viazi. Kibla hapa huelekea kaskazini, mashariki kidogo, nasi tulikithibitisha kwa dira. Jioni tulifika Isyonje, mwenye duka mmoja akatukodisha chumba, tukampigia mwadhini. “Alhamdulillah,” alisema, nasi tukamsikia akiandika.

Wapo watakaouliza: kwani ni lazima mtu atembee peke yake? Si lazima. Lakini mwenye kuishi mjini, ambaye tangu asubuhi hadi usiku masikio yake hayapumziki, huja siku akatamani kuisikia nafsi yake na kumkumbuka Mola wake bila ya kelele. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kupewa utume alikuwa akijitenga katika pango la Hiraa, akichukua chakula cha siku kadhaa, kisha akirejea kwa Bibi Khadija (r.a.) kuchukua kingine. Tuliukumbuka sana mfano huo kwa kujihalalishia safari yetu. Tulichosahau ni kwamba Bibi Khadija alijua mumewe yuko wapi.

Siku ya pili: kosa la kukataa ruhusa

Jumatano tulitawadha kwa maji ya moto aliyotupa mwenye duka, tukavaa soksi na viatu tukiwa na tohara kamili, tukashika njia ya vumbi ielekeayo Kikondo. Hadi saa sita mchana jua lilikuwa limetanda. Pande zote mbili kulikuwa na mashamba ya viazi mviringo na pareto, na malori ya fuso yalitupita yakiwa yamejaza magunia ya lumbesa. Kisha tuliona kijia kinachokata mlima, tukakifuata tukitumaini kufupisha njia. Kijia hicho hakikuwa katika daftari la mwadhini.

Ukungu ulishuka kwa ghafla. Haukuwa na kelele wala upepo. Ulikuja tu na kuufuta mlima uliokuwa mbele yetu, kisha mti uliokuwa jirani. Yalifuata manyunyu membamba yasiyostahili hata kuitwa mvua. Lakini kitambaa cha pamba kikilowa huishika baridi na kuing'ang'aniza mwilini, na jinzi ni pamba. Katika muda usiozidi saa moja miguu yetu kuanzia mapajani ilikuwa imelowa.

Wakati wa Alasiri ulipoingia tulikuwa kando ya kijito, na udhu wetu ulikuwa umetenguka. Hapa ndipo tunapotaka ndugu msomaji atusikilize kwa makini, kwani kosa letu halikuwa la miguu tu. Tulikuwa tumevaa viatu tukiwa na tohara, viatu vinavyofunika vifundo, nasi tulikuwa wasafiri. Sheria inamruhusu mtu kama huyo kupaka maji juu ya viatu vyake badala ya kuosha miguu: mkazi kwa mchana mmoja na usiku wake, msafiri kwa michana mitatu na nyusiku zake. Ruhusa hiyo tuliisoma tangu madrasa. Lakini nafsi ilitunong'oneza kwamba kuosha miguu katika maji yale ya barafu kungekuwa na thawabu zaidi, kwamba huo ndio uchamungu wa kweli. Tukavua viatu. Tukaosha. Tukavaa tena soksi kwa mikono iliyokufa ganzi, moja ikatumbukia majini.

Tulisali tukitetemeka, bila ya kujua tumesoma nini. Nusu saa baadaye hatukuwa tukizihisi nyayo zetu. Vidole vilishindwa kufungua zipu ya begi, na ndani ya begi hilo ndimo ilimokuwa chai. Tulipojaribu kusema “Bismillah” kwa sauti, ulimi ulijikwaa kama wa mlevi. Simu ilikuwa imezimika. Baridi ilikuwa imeinyonya betri yake. Kisha likaja wazo tamu kupita yote: tukae kidogo chini ya kichaka, tusinzie, ukungu upite.

Daktari mmoja tuliyemsimulia baadaye alitwambia kwamba wazo hilo ndilo la kuogopwa kuliko jingine lolote. Joto la mwili wa binadamu ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, akili huanza kuchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hajijui. Kutetemeka kwa nguvu ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu hajapata joto, hatari imekuwa kubwa. Wala haihitaji theluji. Nguo zilizolowa, upepo kidogo na uchovu vyatosha.

Tulichookolewa nacho ni sauti. Mahali fulani ndani ya ukungu mtu alikuwa akipasua kuni. Tuliifuata sauti ile ya shoka kama mtu anayefuata adhana.

Nyumba ya jirani asiye wa dini yetu

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga khanga mbili juu ya sweta. “Shikamoo mama,” tulisema, au tulidhani tumesema. Hakuitikia salamu. Alituangalia mara moja, akaangusha shoka, akatushika mkono kama mtoto. Ndani alimwita mwanawe atusaidie kuvua nguo zilizolowa, akatupa shuka na blanketi mbili, akatukalisha mbali kidogo na moto. Tulipotaka kuinyoosha miguu kwenye makaa alikataa: ngozi isiyohisi huungua bila ya mwenyewe kujua. Wala hakumruhusu kijana kutusugua mikono. Alitupa chai yenye sukari nyingi kwa kijiko mpaka tulipoweza kushika kikombe.

Alipofahamu kwamba sisi ni Waislamu, aliinuka akatafuta sufuria mpya juu ya kabati, akasema: “Hii haijapikiwa nyama ya aina yoyote, baba. Kula bila wasiwasi.” Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa. Akatupikia viazi na mayai. Kisha, bila ya kuombwa, akachemsha maji mengine akayapoza kwa ndoo. “Najua mnanawa kabla ya kusali,” alisema. “Jirani zangu wa zamani walikuwa Waislamu.” Tukatawadha kwa maji ya uvuguvugu, tukasali Magharibi na Isha. Ama hiyo Alasiri, tuliirudia kwa utulivu, kwa kuwa ile ya kwanza tuliisali hali akili haipo.

Lilibaki jambo moja. Chumba tulichopewa kilikuwa na baridi, nasi tuliomba jiko la mkaa liingizwe ndani. Mama yule aliweka mkono kiunoni. “Jiko halilali na mtu katika nyumba hii,” alisema. “Utakufa umelala, na sisi tutasema umekufa na baridi.” Akatuongezea blanketi la tatu.

Maneno hayo tunayarudia hapa kwa herufi zote, kwa sababu msimu wa baridi ni msimu wa misiba ya namna hiyo katika mikoa yetu ya kusini. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200, na damu ikishajaa hewa hiyo haiwezi tena kubeba uhai kuupeleka kwenye moyo na ubongo. Aliyelala haamki kuomba msaada. Jiko likiwa jekundu kabisa, lisilo na moshi, watu hudhani limekuwa salama, si kweli. Baba na mama, kama watoto wana baridi, waongezeeni nguo, walazeni pamoja, wapeni maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vyema na kuzungushiwa kitambaa. Jiko likae nje.

Yaliyokuwa yakitokea kwingine

Wakati sisi tunalala tumeshiba, watu wawili hawakulala.

Wa kwanza alikuwa mwadhini wa Uyole. Isha ilipopita bila ya simu yetu, alifungua daftari. Hakumpigia mke wetu, asije akamtia hofu bila ya hakika. Alimpigia mfanyabiashara wa viazi anayemfahamu, naye akawapigia madereva wa fuso wanaolala Kikondo ili wapakie alfajiri. Ujumbe ulikuwa mfupi: kuna mgeni mwenye begi, alitoka Isyonje leo, hajafika.

Wa pili alikuwa mama watoto, Dar es Salaam. Usiku huo mtoto wetu mdogo alishikwa na homa kali, naye akatupigia kutaka shauri: ampeleke hospitali usiku ule au asubiri kuche? Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena. Akawapigia wenzetu wa kazini. Hakuna aliyejua lolote kuhusu safari ya kikazi ya Mbeya. Akampigia dada yetu, naye hajui. Tafakari, ndugu msomaji, hali ya mwanamke aliyembeba mtoto anayeungua kwa homa, na hapohapo anagundua kwamba hajui mume wake yuko wapi katika nchi hii.

Alimpeleka mtoto hospitali kwa msaada wa jirani. Alhamdulillah, alitibiwa akapona. Alfajiri dereva mmoja wa fuso, aliyekuwa akiuliza nyumba kwa nyumba kando ya njia, alifika kwa mama wa shoka, akatuona. Alipanda mahali penye mtandao akampigia mwadhini, na mwadhini akampigia mke wetu: “Mama, mzee yu hai, yuko kwa watu wema. Tunamleta.” Tulirudi Uyole juu ya magunia ya viazi. Kitulo hatukuiona.

Tuliporudi nyumbani tulijiandaa kusikia mengi. Mke wetu alisema jambo moja tu: “Sikuogopa baridi, maana sikujua kuna baridi. Niliogopa kwamba wakiniuliza mume wako yuko wapi, sina la kujibu.”

Dini inasemaje?

Tuliporejea vitabuni na kwa masheikh, tulikuta kwamba kila tulichokosea kilikwisha kusemwa zamani.

Kuhusu upweke, Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) hadithi ambayo maana yake ni kwamba lau watu wangeyajua aliyoyajua Mtume (s.a.w.) kuhusu upweke, hakuna mpandaji ambaye angesafiri usiku peke yake. Wanachuoni wengi wamelifahamu katazo hili kuwa la karaha pasipo haja, kwa kuwa hofu na hatari humzidi mtu akiwa mmoja. Panapokuwa na haja, hukumu hubadilika, na ushahidi wake ni usiku mmoja wa baridi kali.

Ni katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Madina imezingirwa, upepo unavuma, baridi imewakaba Masahaba. Mtume (s.a.w.) aliuliza nani atakwenda kuleta habari za maadui. Hakuna aliyeinuka, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ndipo alipomwita Hudhayfa bin Al-Yaman (r.a.) kwa jina lake. Hudhayfa alikwenda peke yake gizani. Imam Muslim amepokea simulizi yake mwenyewe: kwamba alipokuwa akienda alihisi kama anatembea ndani ya hamamu ya maji moto, na alipokwisha kurejea na kutoa habari ndipo baridi ilipompata, na Mtume (s.a.w.) akamfunika kwa sehemu ya vazi alilokuwa akisalia, akalala mpaka asubuhi.

Tumelisoma tukio hilo mara nyingi, lakini baada ya Kikondo tuliliona kwa jicho jingine. Hudhayfa alikwenda peke yake, lakini hakwenda bila ya kujulikana. Yupo aliyemtuma, aliyejua njia yake, aliyekesha akimsubiri, na aliyekuwa na vazi la kumfunika. Huo ndio upweke wenye salama. Wetu ulikuwa wa aina nyingine.

Na wala si jambo la Waislamu pekee. Mwezi wa Aprili 2003, kijana wa Kimarekani aitwaye Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo jembamba la jangwa la Utah, liitwalo Bluejohn, bila ya kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe kubwa liliteleza likaubana mkono wake wa kulia. Alikaa hapo kwa saa 127, maji yakamwishia, usiku baridi ikamtesa, mpaka akaukata mkono wake mwenyewe ili atoke. Alikuwa mzoefu na mwenye nguvu. Alichokosa ni mtu mmoja wa kusema: ameelekea huko, na leo ilikuwa siku yake ya kurudi.

Kuhusu ruhusa za ibada, Imam Ahmad amepokea hadithi yenye maana kwamba Mwenyezi Mungu hupenda ruhusa Zake zitumiwe. Amru bin Al-As (r.a.), akiwa amiri wa jeshi katika vita vya Dhatus Salasil, mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba katika usiku wa baridi kali. Akachelea kwamba akioga atakufa, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Wakamshitakia kwa Mtume (s.a.w.). Amru akatoa hoja kwa aya ya Suratun Nisaa inayokataza watu kuziua nafsi zao. Mtume (s.a.w.) alicheka, asiseme lolote. Abu Daud amelipokea tukio hilo, na amepokea pia la mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaota, akauliza kama ana ruhusa ya kutayamamu; wenzake wakamwambia hana, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akahesabu kwamba wao ndio waliomuua kwa kutouliza wasichokijua.

Masheikh tuliowauliza walitubainishia mipaka ya mambo haya. Kutayamamu kwa ajili ya baridi ni kwa mwenye kuchelea madhara ya kweli na asiye na njia ya kuyapasha maji moto. Mwenye kuni na sufuria hana udhuru. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, aliyetayamamu kwa baridi hutakiwa kuirudia sala hiyo baadaye, ilhali wako wanachuoni wengine wasiolazimisha hivyo. Udongo uwe safi na wenye vumbi, na katika milima yenye manyunyu ni vigumu kuupata. Mmoja wao alitushauri kubeba kimfuko cha udongo mkavu. Ama kupaka juu ya viatu, sharti vivaliwe baada ya tohara kamili, vifunike vifundo, viwe imara na safi. Kwa Mashafii muda huhesabiwa tangu udhu utenguke kwa mara ya kwanza baada ya kuvaa, na kuvivua huukatiza.

Tulitahayari. Tulidhani kuikataa ruhusa ni kumpenda zaidi Mola. Kumbe aliyeiumba baridi ya milima ile ndiye aliyeiweka ruhusa ile, naye anaijua miguu yetu kuliko tuijuavyo.

Kwa atakayekwenda

Hatuwakatazi vijana kuipanda milima yetu. Tunawaomba wayashike machache. Nguo za ndani ziwe za sufu au za kitambaa kinachokauka upesi, na la juu lizuie maji. Jinzi ibaki nyumbani. Soksi mbili kavu zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Simu ilale kifuani, karibu na joto la mwili. Kula kabla ya njaa. Ukungu ukishuka usiiache barabara, na ukiona mwenzako anajikwaa ulimi au vidole vinamshinda, msimamishe, mvue kilicholowa, mfunike kiwiliwili, mpe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza. Kurudi nyuma si aibu.

Na kabla ya yote hayo, kaa na watu wa nyumbani kwako, waambie unakokwenda, utalala wapi, utarudi lini, na nani wamuulize ukichelewa. Haki hiyo ni ya mke kwa mume, ya mume kwa mke, ya wazazi kwa watoto, hata wakiwa watu wazima.

Mwezi wa Februari uliofuata tulirudi Uyole. Safari hii “sisi” lilikuwa neno la haki, kwani tulifuatana na mwanetu mkubwa wa kiume, kwa baraka za mama yake. Tulifika Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na ambayo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 412.9. Mvua zilikuwa zimefanya kazi yake. Uwanda wote ulikuwa umetandikwa maua, yakiwamo maua ya okidi ya aina nyingi ambayo sisi watu wa pwani hatujapata kuyaona. Kijana alisujudu sijida ya shukrani juu ya nyasi, bila ya kuambiwa. Wakati wa kurudi tulipitia kwa mama wa shoka tukiwa na kitenge, sukari na sufuria mpya. Aliicheka sana ile sufuria.

Lakini kabla ya kupanda, siku ile ya kwanza baada ya sala ya alfajiri, tulimfuata mwadhini kando ya debe lake la maji. Hatukungoja atuulize. Tulimwambia wapi, na nani, na siku gani. Alifungua daftari lilelile, na tulipochungulia tuliuona ukurasa wetu wa Julai. Mbele ya Jumatano, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: amepatikana, Alhamdulillah.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, awarejeshe salama kwa wanaowangoja, na atujaalie tusiwe wenye kuwaacha wapenzi wetu bila ya la kujibu. Amin.